Gari Limelala, na Shokapu Hazina Kosa

Peleka Land Cruiser la zamani lililoinama nyuma kwenye gereji yoyote ya Ngamiani, Tanga, na kabla hujazima injini utasikia: "Shokapu zimekufa hizo, mzee." Mwenye gari anajikamua, shokapu mpya zinafungwa pande zote, na gari linatoka gereji limeinama vilevile. Wiki haiishi anarudi kwa muuza spea kulalamika kwamba kauziwa feki. Pengine hakuuziwa feki hata kidogo. Iliyochoka ilikuwa springi, na springi hakuna aliyeigusa.

Mkanganyiko huu unawala watu wa Tanga fedha nyingi, maana magari yanayoteremsha machungwa Muheza, yanayopanda Amani na yanayobeba samaki kutoka pwani ya Pangani mengi ni haya ya zamani, na chini yamechoka. Kuutatua hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji kujua kila chombo kilichoko chini ya gari kina kazi gani.

Springi ndiyo inayobeba. Uzito wote wa bodi, injini, abiria na mzigo unaishia juu ya springi nne, na hizo ndizo zinazoamua gari lisimame juu kiasi gani. Shokapu haibebi kitu. Fungua shokapu zote gari likiwa limesimama, na halitashuka. Zile za gesi huwa zinainua milimita chache tu, na hizo ndizo utakazopoteza. Kazi ya shokapu huanza gari linapotembea. Springi iliyobanwa na shimo huitunza nguvu ile, kisha huirudisha, hupitiliza, hubanwa tena, na ikiachwa peke yake gari litapanda na kushuka mara kadhaa kwa shimo moja. Shokapu ipo kuukata mchezo huo. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye oili, na pistoni ina vitundu na valvu ndogo. Oili inalazimishwa kupita pembamba, inapinga, na mwendo wa springi unageuka kuwa joto.

Kwa hiyo malalamiko nayo yanagawanyika. Gari likilala, iwe nyuma, mbele au upande mmoja, anza na springi. Likiendelea kunesa baada ya tuta, likirukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati hadi usukani unakuwa mwepesi mkononi, au tairi zikilika kwa mabaka, hapo shokapu ina kesi ya kujibu. Likigonga kila tairi linapoingia shimoni, au likijivuta kando ukikanyaga mafuta, angalia bushi, zile raba zinazokaa kwenye viungo vya springi, na bolti zake kabla ya kununua chochote. Tatizo ni kwamba gari la miaka thelathini huwa na yote matatu kwa pamoja, na kila moja hulifunika jingine.

Kipimo cha kwanza ni futi kamba. Tafuta sakafu tambarare, jaza upepo sawa, shusha mzigo. Usipime kutoka ardhini hadi madigadi, kwa sababu tairi lililolika litakudanganya. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, wima, magurudumu yote manne, uandike. Kisha ingia chini uangalie nafasi iliyobaki kati ya ekseli na ile raba ya kugongea iliyofungwa kwenye chesisi. Raba ikiwa na alama mpya za kupigwa ilhali gari halibebi mzigo mkubwa, springi imekwisha safari yake.

Tofauti ndogo ya kushoto na kulia isikutishe. Dereva hukaa kulia, na kwa baadhi ya magari hata tangi la mafuta liko upande wake. Land Rover nyingi za zamani za springi za pleti, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zilitengenezewa springi tofauti kwa upande wa dereva na upande wa abiria kwa sababu hiyo hiyo, na fundi asiyelijua hilo akizipishanisha, gari linainama likiwa na springi mpya kabisa. Kwa magari ya koili, springi ya waya mnene uliozungushwa, ambayo kushoto na kulia zinafanana, uhakika unapatikana kwa kuzihamisha: mwinamo ukihama nazo, koili ndiyo yenye kosa, mwinamo ukibaki pale pale, tafuta kwenye chesisi, raba za bodi au bushi.

Gari lako lina aina gani? Land Rover za Series na Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilikaa juu ya pleti mbele na nyuma, na Land Cruiser 75 ikafuata njia hiyo. Range Rover ilianza na koili tangu 1970, Land Rover One Ten ikazipata 1983, na Land Cruiser 80 ikatoka nazo 1990. Land Cruiser 78 na 79 za kazi nzito, zilizokuja 1999, zina koili mbele na pleti nyuma.

Watu husema springi "imelainika". Chuma cha springi hakilainiki kwa uzee. Springi iliyolala bado huhitaji karibu nguvu ile ile ya ujana wake kuishusha kila sentimita. Kilichopotea ni umbo: mkunjo wa pleti umenyooka, koili imefupika, na gari linaanza safari likiwa tayari limeshuka. Ndiyo maana gari lililolala huweza kutembea vizuri tu likiwa tupu, kisha likigonga chini kwa abiria wanne na gunia mbili.

Kinachopunguza nguvu ya springi kwelikweli ni kutu, na hapa kwetu pwani jambo hili linastahili kupewa nafasi yake. Ugumu wa pleti hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Pleti iliyoliwa asilimia 10 ya unene hubaki na asilimia 73 tu ya ugumu. Kwa koili ni kali zaidi, kwa sababu ni kipenyo cha waya kilichozidishwa mara nne: likiondoka asilimia 5 ya kipenyo, zaidi ya asilimia 18 ya ugumu imekwenda. Sasa fikiria gari linaloshinda Deep Sea likisubiri samaki, maji ya barafu yenye chumvi yakichuruzika kutoka kwenye makasha hadi juu ya springi za nyuma, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kutu huingia kati ya pleti na pleti, inavimba, inazitanua, na pleti zinashindwa kuteleza. Springi ya namna hiyo ukiikalia unaihisi ngumu, na mwenye gari hufarijika kwamba bado ina nguvu. Ugumu ule ni msuguano. Chuma chenyewe kinazidi kuwa chembamba.

Dawa ya kutu inayopendwa mjini ni kupuliza oili chafu chini ya gari lote. Inazuia kutu kwa kiasi, sikatai, lakini inakula raba: bushi zinavimba na kuoza, na hozi za breki haziponi. Maji baridi safi, yapigwe kwa nguvu kati ya pleti kila gari linapotoka ufukweni, yana faida zaidi na hayaharibu kitu. Kama unataka kulainisha pleti, zifungue, zisugue, uzipake kilainishi cha grafaiti, uzifunge.

Pleti ikivunjika, angalia imevunjikia wapi. Ikiwa ni katikati, kwenye tundu la sentabolti, ile bolti inayozishika pleti pamoja, usiilaumu pleti peke yake. Sehemu ile hubanwa na yubolti, bolti zenye umbo la U, kwenye ekseli ili isijikunje kabisa. Yubolti zikilegea, pleti zinaanza kujikunja pale pale kwenye tundu, mahali penye chuma kidogo na mkazo mkubwa, na hazikawii kukatika. Ukifunga springi mpya kwa yubolti zile zile zilizovutika, umepanda mbegu ya kuvunjika kwa pili.

Mtaani kuna njia mbili za kuinua gari lililolala bila kununua springi. Ya kwanza ni kuongeza pleti. Pleti moja iliyotoka kwenye gari jingine inachomekwa, gari linanyanyuka, kila mtu anafurahi. Lakini pleti ile ina mkunjo wake na unene wake, haikutengenezwa kulalia zile zilizo juu yake, na mara nyingi inagusa sehemu mbili tu. Pleti mama, ile yenye macho mawili yanayoshika bushi, inabebeshwa mkazo mahali ambapo haikupangiwa. Siwakatazi watu kuongeza pleti iliyokatwa na kupindwa kwa ajili ya springi ile ile na fundi anayezijua pleti. Ninachokipinga ni kuchomeka chochote kilichopatikana.

Ya pili ni kumpelekea mhunzi. Springi inawekwa motoni mpaka iwe nyekundu, inapigwa nyundo mpaka mkunjo urudi, halafu inaachwa ipoe au inatumbukizwa majini. Chuma cha springi kiwandani hupashwa hadi kwenye nyuzi 850 hivi, kikapozwa haraka, kisha kikapashwa tena kwa kiasi, kati ya nyuzi 400 na 500, ili kipunguze ukavu na kibaki na uwezo wa kurudi. Moto wa mhunzi unafuta kazi hiyo yote. Springi ikipoa polepole hewani inabaki laini na italala tena upesi. Ikitumbukizwa majini bila kupashwa tena inakuwa kavu, na siku moja itakatika huku mmebeba watu. Kukunja upya kwa baridi, kwa mashine ya kugandamiza, bila moto, ni jambo jingine na linaweza kufaa kwa pleti ambazo hazijaliwa na kutu. Gereji yako ikijua kazi moja tu, nayo ni ya moto, beba springi zako uondoke.

Ukiamua kununua, swali la kujiuliza ni gari linabeba nini siku nyingi, si siku ile moja ya harusi. Chukua mzigo wa kilo 400 nyuma. Springi mbili zinagawana, kilo 200 kila moja. Springi inayoshuka milimita moja kwa kila kilo 4 itashuka sentimita 5. Springi yenye ugumu maradufu itashuka sentimita 2 na nusu, na ukiwa dukani utaona hiyo ndiyo bora. Sasa shusha mzigo ule. Springi ngumu haina wa kuikandamiza. Kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kwenye bodi, nyuma inarushwarushwa, tairi zinaiacha ardhi, na breki haiwezi kusimamisha tairi ambalo haligusi ardhi. Gari linaloshuka na iliki kutoka milima ya Usambara kila wiki linastahili springi ngumu. Gari la familia linalokwenda shamba Maramba mara chache lifungwe springi za kawaida; kama ni za pleti, chini yake kuwe na pleti nene ya akiba inayogusa pale tu mzigo unapozidi. Na springi zinunuliwe mbili mbili kwa ekseli moja. Mpya kulia na kuukuu kushoto ni mwinamo mpya uliougharamia mwenyewe.

Sasa turudi kwa shokapu, maana kweli nazo hufa. Kile kipimo cha kukandamiza boneti na kuachia kinafaa kwa gari dogo la koili. Kwenye gari la pleti kinatoa jibu la uongo, kwa sababu msuguano wa pleti wenyewe unatosha kutuliza bodi hata kama shokapu haina tone la oili. Kipimo kinachoaminika ni joto. Tembeza gari kilomita kadhaa kwenye barabara mbovu, simama, gusa shokapu moja moja kwa uangalifu, maana zinaweza kuunguza. Shokapu iliyobaki baridi wakati wenzake wamepata moto haifanyi kazi. Ukungu mwepesi wa oili karibu na sili si hoja. Oili inayotiririka hadi chini ya bomba ni hoja. Ikishafunguliwa, isimamishe wima uivute na kuisukuma kwa mkono. Upinzani uwe laini mwanzo hadi mwisho, na kwa kawaida kuivuta ni kugumu kuliko kuisukuma. Ikipata mahali inapokwenda bure kisha ikashika, imekwisha.

Hapa pana imani moja inayowaponza wanunuzi wa mtumba. Shokapu ikisukumwa chini isipande yenyewe, watu wanasema imekufa. Inayopanda yenyewe ni ya gesi. Isiyo na gesi hubaki pale ulipoiacha, hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Gesi, ambayo huwa ni naitrojeni, imewekwa ili oili isitoe povu inapochemka kwa kazi. Povu likiingia kwenye vitundu vya pistoni upinzani unatoweka, na ndiyo sababu gari linaloanza safari likiwa tulivu linaweza kufika mwisho wa barabara mbovu likiwa linanesa.

Shokapu za kutoboa, kujaza oili na kuchomelea sizipendekezi kabisa. Oili ilitoka kwa sababu fimbo imechubuka na sili imelika, na vyote viwili vinabaki humo humo. Oili ya injini nayo ni nzito kuliko iliyopangiwa valvu zile. Na kuweka moto wa kuchomelea kwenye bomba lenye gesi iliyobanwa kunaweza kumtoa fundi roho.

Urefu wa shokapu nao huleta maafa kimya kimya. Ukifunga springi zilizoinua gari sentimita 5 ukaacha shokapu fupi za zamani, tairi likishuka shimoni shokapu ndiyo inayovutika hadi mwisho na kubeba ekseli nzima. Masikio yake yatang'oka. Ukifunga ndefu mno, inajaa kabla ekseli haijafika kwenye raba ya kugongea, na pigo linaipasua au linapinda mahali ilipofungwa. Kwa hiyo pima gari likiwa limekandamizwa kabisa, na ekseli ikiwa imening'inia kabisa, kisha ununue inayojibana fupi kuliko kipimo cha kwanza na kuvutika ndefu kuliko cha pili. Kuinua huko huko kunavuta hozi za breki na kubadilisha pembe za propela. Land Cruiser nyingi zina pia valvu nyuma inayounganishwa na ekseli kwa fimbo, ya kupima mzigo na kugawa breki. Gari likiinuliwa, valvu huona kwamba halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Fimbo ile lazima irekebishwe siku hiyo hiyo, kabla gari halijashuka mlima wowote.

Kuhusu kazi yenyewe, jambo la kwanza ni stendi imara chini ya chesisi na vizuizi kwenye matairi yaliyobaki chini. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa, msiyatumie. Jeki ya pili ishike ekseli ili ishushwe taratibu. Kwa gari la koili lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser 80 au One Ten, ukishafungua shokapu na kuishusha ekseli huku ukiangalia hozi ya breki isivutike, koili hulegea na kutoka kwa mkono. Kwa gari la pleti, yubolti zikate tu kwa grenda. Mpya ni lazima hata hivyo. Kichwa cha sentabolti kikae barabara kwenye tundu lake la ekseli, vinginevyo ekseli itakaa mshazari na gari litatembea upande. Yubolti zibanwe kona kwa kona, kidogo kidogo. Shokapu mpya ipampu wima mara kadhaa kabla ya kuifunga ili hewa ipande juu.

Bushi za zamani hapa Tanga ndizo zitakazokula siku yako. Bolti imeshikana na kibomba cha chuma kilichomo ndani ya raba, na nyundo haisaidii. Ikate bolti pande zote mbili, ichome raba nje mahali penye hewa, kisha ukipasue kibomba cha nje kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, uangalie usikate jicho la chesisi. Bolti mpya ipakwe grisi kabla ya kuingia.

Kisha linakuja kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya wakiwa na haraka. Bushi ya raba haizunguki. Inajisokota springi inapopanda na kushuka. Ukizibana bolti zake gari likiwa bado juu ya stendi, springi zikiwa zimening'inia, raba inashikwa katika mkao huo. Ukishusha gari inasokotwa moja kwa moja, na inaishi hivyo usiku na mchana. Gari linasimama juu isivyo kawaida, mwenyewe anashangilia, na baada ya miezi michache bushi zimechanika. Ingiza bolti, nati zifike kwa mkono, shusha gari kwenye matairi, litikise, lisukume mbele na nyuma, ndipo uingie chini ubane. Fundi akikwambia ameshazibana juu kwa juu, mwombe kwa heshima azilegeze mbele yako.

Likishatoka, taa zake zirekebishwe, kwa sababu zile zilizowekwa gari likiwa limelala nyuma sasa zitamulika karibu mno, na tairi za mbele zipimwe mwelekeo. Pleti mpya hujilaza mwanzoni, na yubolti hupoteza mkazo. Zibane tena baada ya kilomita 500 hivi. Kama safari ya kwanza ni ya mzigo kwenda Korogwe, zibane kabla ya kupakia, na tena ukifika.